Mnyororo wa pikipiki: usigonge pini kwa msumari na nyundo



Mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya hautasema juu ya kofia ya mgodini, wala juu ya vumbi. Utasema juu ya chombo kidogo kinachoenea mkononi: chombo cha kukata na kufunga mnyororo wa pikipiki. Labda mtauliza: munganga ana shauri gani na minyororo? Hiyo si kazi ya fundi? Ndiyo, ni kazi ya fundi. Lakini mambo yanayoharibika chini ya mwembe mbele ya nyumba, siku ya Mungu mchana, yanakuja kumalizikia juu ya meza yangu katika dispanseri. Tena mimi mwenyewe nina pikipiki, na mnyororo wake naufunga kwa mikono yangu.

Nitaanza na habari moja, nayo haina sifa kwangu.

Miaka michache iliyopita mtumikaji mmoja wa atelie, fundi wa kuchonga vyuma, alikuja kwangu Jumatatu asubuhi. Jicho lake la kuume lilikuwa jekundu kidogo. Akasema: "Munganga, kuna mchanga katika jicho." Nikamwambia: "Keti, yaya, tutazame." Nikafungua kope, nikamulika kwa tochi, sikuona kitu. Nikamwambia asome herufi za ukutani, akazisoma vizuri mpaka mstari wa chini. Nikamtia dawa ya mafuta, nikamwandikia arudi kazini. Yote yalichukua dakika tano. Jambo moja sikufanya: sikumuuliza alikuwa akifanya kazi gani wakati mchanga huo ulipoingia.

Kiisha miezi mitatu alirudi. "Munganga, kwa jicho hili ninaona kama kupitia moshi, na usiku sioni kabisa." Nikatazama: mboni ilikuwa imefunguka kuliko ya jicho lingine, na rangi ya jicho ilikuwa imegeuka kama kutu. Picha ya radio ilionyesha kipande cha chuma ndani ya jicho, kidogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo nilipomuuliza. Akakumbuka: siku ile ya Mungu alikuwa akikata mnyororo wa pikipiki juu ya jiwe, kwa msumari mnene na nyundo. Pigo moja alisikia kitu kama mdudu kumgusa jichoni. Akafuta kwa mkono, akaendelea na kazi.

Tulimpeleka kwa munganga wa macho. Kipande kiliondolewa, lakini mwangaza wa jicho lile haukurudi. Leo anafanya kazi katika magazini ya vyombo, kwani mashine ya kuchonga inataka macho mawili. Yeye ndiye aliyeniomba niandike habari hii. Jina lake hakutaka liandikwe.

Fikirini neno hili: kazini mtu huyo hakushika mashine hata siku moja bila miwani. Nyumbani, miwani yake ilikuwa imefungiwa katika kabati ya kazini.

Kwa nini chuma kinaruka

Tuangalie mnyororo wenyewe, kwani asiyejua umefanywa namna gani hawezi kujua kwa nini unaumiza. Mnyororo tunaotumia leo ni wa namna aliyoibuni Hans Renold huko Manchester, Uingereza, katika mwaka 1880. Kila kiungo kina mabamba mawili. Kiungo cha ndani kina vibomba viwili, na juu ya kila kibomba kuna gurudumu dogo linalozunguka juu ya meno ya pinyo. Kiungo cha nje kina pini mbili zinazopita ndani ya vibomba hivyo. Pini inaingizwa katika tundu la bamba kwa nguvu sana, halafu ncha zake zinapondwa zipanuke kama kichwa cha uyoga, ili bamba lisitoke.

Pini ile imepikwa kwa moto ili ngozi yake iwe ngumu na isilike upesi. Ukijaribu kuikata kwa tupa pembeni, tupa inateleza. Uso wa nyundo nao umefanywa mgumu. Sasa, chuma kigumu kikigongwa na chuma kigumu, hakikunjiki wala hakibonyei kama shaba. Kinamenyuka. Kipande kidogo kinatoka kwa mwendo wa ajabu, bila moshi wala sauti ya kukujulisha. Kwa sababu ni kidogo na kina makali, kinapenya jicho kama sindano, na tundu lake linajifunga nyuma yake. Ndiyo maana sikuona kitu kwa tochi yangu. Ndiyo maana maumivu yanakuwa machache, na mtu analala vizuri usiku ule. Lakini chuma ndani ya jicho kinafanya kama chuma ndani ya maji: kinashika kutu, na kutu hiyo inaenea polepole na kuua sehemu ya nyuma inayopokea mwangaza.

Mtu atasema: "Baba yangu alikata minyororo ya baiskeli kwa msumari miaka yote, naye anaona mpaka leo." Namsadiki. Mnyororo wa baiskeli una pini nyembamba, na kichwa chake ni chepesi. Wa pikipiki ni kitu kingine. Tena mimi sihesabu watu waliogonga bila kuumia. Hao hawaji dispanseri.

Chombo kinafanya nini badala ya nyundo

Nyundo inapiga. Chombo kinasukuma. Tofauti yote iko hapo. Ni mwili wa chuma wenye umbo la herufi U. Upande mmoja una bulo kubwa yenye pini ya kusukumia. Upande wa pili una tundu la kupokea pini ya mnyororo inapotoka. Unazungusha bulo kwa funguo, nguvu inakwenda polepole, na hakuna kinachoruka, ikiwa unafuata utaratibu. Vyombo vingi vinakuja na vipande vya kubadilisha: pini nene na nyembamba za kusukumia, mabamba mawili ya kubana kiungo kipya, na pini yenye ncha ya mviringo au ya mchongoko ya kupanua kichwa cha pini.

Sokoni kuna vya bei ndogo sana. Sisemi vyote ni vibaya, lakini vingi vimefanywa kwa chuma laini, na pini yake ya kusukumia inapinda mara ya kwanza. Ni afadhali watu sita wa barabara moja wachange na kununua kimoja kizuri, wakitunze kwa zamu, kuliko kila mmoja kuwa na kibovu chake.

Kabla ya kukata, soma namba iliyopigwa ubavuni mwa mnyororo. Pikipiki nyingi ndogo za 125 na 150 tunazopanda hapa zinatumia mnyororo wa 428. Namba ya kwanza, 4, inaonyesha umbali kutoka pini hadi pini: milimita 12,7. Ile ya 520 ni milimita 15,875. Mnyororo wa 420 una umbali sawa na wa 428, lakini ni mwembamba: kwa ndani una milimita 6,35, na wa 428 una karibu 7,94. Muuzaji anaweza kukuambia "ni ile ile". Si ile ile.

Tena uhakikishe kama mnyororo wako umechoka kweli. Uvute ukaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Kwa 428 mpya utapata milimita 254. Ikizidi 259, muda wake umekwisha. Hapo tazama pia meno ya pinyo zote mbili. Yakiwa yamepinda kama meno ya papa, badilisha yote pamoja, kwani pinyo mbovu inakula mnyororo mpya upesi.

Namna ya kukata

Simamisha pikipiki juu ya stendi yake mahali pa sawa. Zima mota, ondoa ufunguo na uutie mfukoni mwako, si juu ya kiti. Weka gia huru. Legeza nati ya mhimili wa nyuma na bulo za kurekebisha wakati mnyororo wa zamani ungali mahali pake. Kisha vaa miwani ya kazi, ile iliyofunikwa pembeni. Miwani ya jua haitoshi, na miwani ya kusomea pia haitoshi.

Waondoe watoto. Nasema hivi kwa nguvu, kwani watoto wanapenda kutazama baba akitengeneza pikipiki. Wanachuchumaa karibu, na mtoto akichuchumaa, uso wake uko sawasawa na mnyororo.

Chagua kiungo kimoja cha nje. Vichwa vya pini zake mbili vimepondwa, kumbuka, vimekuwa vipana kuliko tundu la bamba. Sherti uvisage kwanza mpaka vilingane na bamba, kwa diskeze au kwa tupa. Ngozi ya pini inashinda tupa, lakini ncha iliyopondwa ni laini zaidi. Tupa nzuri na uvumilivu vitaikata. Ukitumia diskeze, cheche zielekee mbali na tangi la esansi na mbali na mpira wa gurudumu. Hapa ndipo watu wengi wanaruka hatua. Wanaweka chombo juu ya kichwa ambacho hakikusagwa, wanazungusha, pini ya chombo inapinda, inavunjika, na kipande chake kinaruka. Halafu wanasema chombo ni kibaya.

Sasa weka chombo. Pini yake ikae katikati kabisa ya pini ya mnyororo, si pembeni. Bulo kubwa inashika bamba, ile ndogo ya ndani inasukuma. Zungusha kwa mwendo mmoja. Utasikia inakaza, inakaza, halafu inalegea kwa mlio mfupi: pini imeanza kutoka. Kama inakaza tu bila kulegea, simama. Legeza, tazama kama umekwenda upande. Usiongeze bomba refu juu ya funguo ili upate nguvu. Sukuma pini ya kwanza nusu, halafu ya pili, urudi kwa ya kwanza, mpaka bamba litoke sawa.

Mnyororo mpya mara nyingi unauzwa mrefu kuliko unavyotaka. Usiupime kwa kuulaza kando ya ule wa zamani na kukata mahali wa zamani unapoishia, kwani wa zamani umerefuka kwa kuchoka. Hesabu viungo vya wa zamani, hesabu vya mpya, viwe sawa. Hesabu hiyo sherti iwe namba inayogawanyika kwa mbili, kwa sababu viungo vya ndani na vya nje vinafuatana moja kwa moja. Ikiwa umepata namba isiyogawanyika, umekosa kuhesabu. Anza tena kabla ya kukata.

Namna ya kufunga

Kuna namna mbili za kiungo cha kufungia. Ya kwanza ni ya klipu, na ndiyo iliyo kwenye pikipiki nyingi ndogo. Bamba linaingizwa, kisha klipu inatelezeshwa katika mifereji ya pini mbili. Klipu ina upande uliofungwa, kama kichwa cha samaki, na upande uliofunguka, kama mkia. Kichwa sherti kitangulie kule mnyororo unakokwenda. Ukiuangalia mnyororo upande wa juu, kichwa kielekee mbele. Ukiweka mkia mbele, kitu chochote kitakachogusa klipu, jiwe au kijiti cha barabarani, kitaisukuma itoke. Wakati wa kuiingiza kwa pensi, weka kiganja cha pili juu yake. Klipu ni kama kamba ya upinde, ikiteleza inaruka nayo.

Klipu iliyotoka mara moja usiirudishe. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya dawa yoyote niliyo nayo kabatini.

Namna ya pili ni ya kupondwa, yaani riveti, na ndiyo inayotakiwa kwa mota zenye nguvu zaidi. Hapa chombo kinafanya kazi yake ya pili, na hapa fundi wa haraka anajulikana. Chukua kiungo kipya kila mara. Cha zamani hakifungwi tena. Paka mafuta mazito yaliyo katika kifuko chake. Kama mnyororo ni wa pete za mpira, weka pete nne: mbili kati ya bamba la nyuma na mnyororo, mbili kati ya mnyororo na bamba la mbele. Pete moja ikisahauliwa, mchanga unaingia, na pini inakauka na kulika.

Bana bamba polepole kwa mabamba ya chombo. Usimalize kwa macho tu. Pima upana wa kiungo cha jirani kwa kipimo chenye taya, halafu upime chako, ulete sawa nacho. Ukibana kupita, pete zinapondeka na kiungo kinakuwa kigumu. Shika mnyororo mkononi na uukunje: kiungo chako kipinde kama wenzake. Kinachosita kitavunjika.

Sasa badilisha pini ya chombo, utie ile ya kupanulia. Ncha ya pini ya riveti ina shimo dogo katikati. Ncha ya chombo inaingia ndani ya shimo hilo na kulifungua kama ua. Zungusha robo, pima, robo, pima. Kwa mnyororo wa 520 upana unaotakiwa mara nyingi ni kati ya milimita 5,5 na 5,8. Kwa mingine, fuata karatasi iliyo katika sanduku lake, usiitupe pamoja na sanduku. Upana ukiwa mdogo, bamba litatoka njiani. Ukizidi, mdomo unapasuka.

Safisha kichwa kwa kitambaa, kitazame juani kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, toa kiungo chote na uanze na kingine. Najua uchungu wa kutupa kiungo kipya mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nilitupa kimoja mwaka jana, na bibi yangu aliniuliza kama nimekuwa tajiri.

Kiisha kufunga, rekebisha ulegevu. Kwa pikipiki ndogo nyingi, katikati ya upande wa chini mnyororo uende juu na chini milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Zungusha gurudumu kwa mkono na upime mahali patatu au panne, kwani mnyororo haukazi sawa pote. Kaza nati ya mhimili. Baada ya safari ya kwanza tazama tena klipu au vichwa vya riveti.

Mnyororo ukikatika njiani

Watu wanafikiri mnyororo ukikatika pikipiki inasimama tu, kama baiskeli. Mara nyingine ndivyo. Mara nyingine unajikusanya mbele, kati ya pinyo ndogo na kifuniko cha mota, unavunja kifuniko, na gurudumu la nyuma linafungwa ghafula. Ukiwa nyuma ya lori barabarani, na bibi yako nyuma yako na mtoto katikati, gurudumu likifungwa huna la kufanya. Au unatupwa nyuma kama mjeledi na kupiga mguu wa chini. Nimeshona mguu wa namna hiyo. Nyama ilikuwa imejaa mafuta meusi, na kazi ya kuisafisha ilikuwa ndefu kuliko ya kuishona.

Na kifuniko cha mnyororo kisiondolewe. Vijana wanakitoa ili pikipiki ionekane ya mashindano. Kikwembe cha mama aliyepanda nyuma kinaingia mle, kinajizungusha, na kinamvuta chini yeye pamoja na aliyembeba.

Vidole na esansi

Ajali ninayoiona mara nyingi zaidi ya zote haitoki kwa kukata wala kwa kufunga. Inatoka kwa kusafisha. Mtu anasimamisha pikipiki juu ya stendi, anawasha mota, anatia gia ya kwanza ili mnyororo uzunguke wenyewe, naye anashika kitambaa. Kitambaa kinashikwa na meno, kinavuta mkono, na vidole vinapita kati ya mnyororo na pinyo. Mota haijui kidole. Zungusha gurudumu kwa mkono, mota ikiwa imezimwa, ufunguo mfukoni, na usafishe upande wa chini, mbali na pinyo, mahali mnyororo unapokwenda mbali na vidole vyako. Pete ya ndoa iondoe kwanza, mama hatakasirika.

Kwa kusafisha, tumia mafuta ya petroli ya taa, si esansi. Esansi inaharibu pete za mpira, na moshi wake unatambaa chini mpaka ukute mbabula ya jirani.

Ukiumia

Kidole kikikatika, bana kidonda kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Kipande kilichokatika kitafute hata kama kimeanguka mchangani. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, halafu mfuko huo uweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu, kwani kitaungua kwa baridi. Nenda lopitali pale pale. Kwa kila kidonda chenye mafuta na udongo, hata kidogo, sema mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda, ile wengi wanaiita tetanosi. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Jicho ni jambo lingine, na hapa naomba msome polepole.

Kama ni vumbi tu lililoingia wakati wa kupuliza au kufagia, osha jicho kwa maji safi mengi, ukifunguafungua kope. Likitoka na jicho likatulia, vema. Likikwama, njoo. Tusijaribu kulitoa kwa ncha ya kitambaa, wala kwa njiti, wala kwa sumaku.

Lakini kama ulikuwa ukigonga, ukisaga au ukisukuma chuma, na umesikia kitu kukugusa jichoni, usilisugue. Usilibane. Usitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala mkojo, wala majani. Najua wazee wetu walifanya hayo kwa mapendo, lakini tundu likiwa wazi unapeleka uchafu ndani kabisa ya jicho. Likiwa limetobolewa, au kitu kimechomeka, usilioshe. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kikombe kidogo safi cha karatasi au cha plastiki, kishikwe na kitambaa kwenye paji la uso na shavu. Kilichochomeka usikichomoe. Usile wala kunywa njiani, kwani labda munganga wa macho atataka kukulaza usingizi wa operesheni siku hiyo hiyo. Njoo siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu, hata kama unaona vizuri. Yule fundi naye alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini.

Utapimwa kwa picha ya radio. Kama katika lopitali kubwa wanataka kukuingiza katika mashine ya picha inayofanya kazi kwa sumaku, waambie kwanza kwamba huenda kuna chuma jichoni. Sumaku ile inaweza kukivuta na kulipasua jicho.

Na ukifika mbele yetu, usiseme "kuna mchanga". Sema: "Nilikuwa nikigonga chuma kwa chuma." Lisema neno hilo hata kama munganga hakuuliza. Tangu siku ile mimi nauliza kila mtu, lakini zamu ya usiku inachoka, na foleni inaweza kuwa ndefu. Akitazama kwa tochi na kukuambia haoni kitu, lirudie, na uombe radio. Kama unaweza, leta pini uliyokuwa ukigonga, pamoja na nyundo au msumari. Tutatazama pamoja ni wapi kipande kimetoka, na ukubwa wake.